Kegi ya lita 19, glasi kwa glasi: tathmini ya seti ya bia ya nyumbani

Ukifungua leo kegi mpya ya bia uliyopika mwenyewe, kisha ukairudia wiki ijayo, unaweza kuapa kwamba mtu kaibadilisha usiku. Mnywaji wa mnazi hashangazwi na hilo: tembo la asubuhi ni tamu, la jioni lina ukali wake, la kesho yake linaelekea kwenye siki. Lakini mnazi hubadilika kwa sababu bado unachacha. Bia ya kegi imeshamaliza kuchacha, imo ndani ya chuma cha pua, imefungwa na kupozwa hadi nyuzi 3 au 4 za Selsiasi. Ikibadilika, sehemu kubwa ya lawama ni ya vifaa: mrija, regulata, mpira, koki na mfuniko. Kila kifaa kina glasi yake ya kujianika, ndiyo maana tathmini hii inafuata kegi tangu glasi ya kwanza hadi ile inayotoka ikikoroma.

Kilichomo kwenye boksi

Seti tunayoipima ni ile ya kawaida kabisa wanayouziwa wapika bia wa nyumbani Marekani, na kwa tofauti ndogo Ulaya na Australia. Ina kegi moja ya Cornelius ya galoni 5 za Marekani, yaani lita 18.9, mtungi wa alumini wa gesi ya kaboni dayoksaidi wa paundi 5, sawa na kilo 2.27, regulata, yaani kidhibiti cha presha ya gesi, yenye geji mbili, mpira wa bia wa mita 1.5 wenye tundu la karibu milimita 5. Na koki ya plastiki ya kubonyeza kwa kidole gumba.

Kegi hizi hazikubuniwa kwa ajili ya bia. Zilibeba sharubati ya soda kwenye migahawa, za kifungio cha gololi zikitumiwa na Pepsi na za kifungio cha pini zikitumiwa na Coca-Cola. Biashara ya soda ilipohamia kwenye mifuko ndani ya maboksi, kegi zikamiminika kwa wapika bia wa nyumbani, ambao Marekani walikuwa wamefunguliwa mlango na sheria aliyoitia saini Rais Jimmy Carter mwezi Oktoba 1978. Msomaji wa Kenya akisikia neno kegi huwaza bia ya Senator na pipa la baa. Hii ni ndogo, inaingia kwenye friji ya kawaida ukitoa rafu, na bia inayowekwa humo kwa kawaida haikuchujwa. Hamira bado imo. Hilo dogo ndilo linaloeleza nusu ya mambo yanayofuata.

Chuma chenyewe hatuna la kukilaumu. Hakipitishi mwanga, kwa hiyo ile harufu ya kicheche inayopata bia ya chupa ya kijani ikiachwa juani haitokei. Hakitoi ladha. Kinachotoa ladha kwenye kegi iliyotumika ni mipira yake. Kegi ya gololi ina oringi tano: kubwa ya mfuniko, mbili za nje kwenye vichwa vya kuunganishia, na mbili nyembamba chini ya mirija. Zikiwa zimeishi miaka na soda ya rangi, zimenyonya harufu ambayo sabuni haiitoi, na bia nyepesi itakuwa na kivuli cha tangawizi au cha kola tangu siku ya kwanza. Usijaribu kuziokoa. Badilisha zote tano kwa pamoja, paka mafuta mepesi ya silikoni ya kiwango cha chakula, na jambo hilo limekwisha.

Mrija na glasi ya kwanza

Mrija wa bia unashuka hadi kwenye kibonyeo kidogo katikati ya kitako cha kegi. Uliwekwa hapo ili sharubati yote itoke. Kwa bia ambayo haikuchujwa, hapo ndipo hasa hamira, protini na vumbi la hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, vinapotua kegi ikipoa. Unapobonyeza koki kwa mara ya kwanza kinachotangulia ni tope: rangi ya chai ya maziwa, harufu ya unga ulioumuka ukalala, uchungu unaong'ang'ania ulimi, na ukakasi unaokausha fizi kama ndizi mbichi. Wengi huishia hapo na kutangaza kwamba bia imeharibika. Mwaga mililita 250 hadi 500, suuza glasi, anza upya. Kwenye kegi ya glasi 37 au 38 za nusu lita, hiyo ndiyo ada ya kuingia.

Ikiwa bia bado ina ukungu baada ya lita moja, shika glasi mpaka ipate joto la chumba, karibu nyuzi 20. Ukungu ukiyeyuka, ni protini na tanini zilizoshikana kwa ajili ya baridi; kwenye ladha hauna neno, na wiki moja au mbili za friji zitauondoa. Ukungu ukibaki, ni hamira, wanga au hopsi. Hamira itazama yenyewe. Wanga hautazama, na kosa lake lilifanyika siku ya kupika, si siku ya kufungua koki.

Asiyetaka kungoja atumie gelatini isiyo na ladha: gramu 2 hadi 3 kwenye mililita 150 za maji, ipashwe hadi nyuzi 65 au 70 bila kuchemka, imiminwe kwenye bia iliyokwisha kupoa. Baada ya saa 48 bia inang'aa, ila glasi ya kwanza itakuwa nzito kuliko kawaida. Asiyekula vitu vya wanyama ajue gelatini ni ya wanyama.

Kosa la pili linalorudisha tope ni kusogeza kegi. Ukiibeba kwa gari kwenda kwenye sherehe, mashapo yote yanapanda tena, na bia iliyokuwa safi jana inaonja kama ya siku ya kwanza. Iache itulie saa 24, zikiwa 48 ni bora. Kama haiwezekani, hamishia bia safi kwenye kegi ya pili kwa presha ndogo ya gesi, kichwa cha bia kwa kichwa cha bia, kabla ya safari.

Kuna wanaokata mrija. Hesabu yake ni hii: kegi ya upana wa sentimita 21 na ushee hupoteza karibu mililita 350 kwa kila sentimita moja unayokata, kidogo pungufu kwa sababu kitako ni cha mviringo. Kwa hiyo ukikata sentimita 1.5 unaacha karibu nusu lita chini kwa maisha yote ya kegi hiyo, hata siku ambayo bia imekuja safi. Tunaona ni haraka isiyo na baraka. Pika kwanza mara tatu au nne, uone mashapo yako yana kimo gani.

Mrija unaoelea ni pendekezo bora zaidi. Ni mpira wa silikoni uliofungwa kwenye boya la chuma, nao hunyonya bia ya juu, ambayo hutakata mapema. Glasi ya kwanza inatoka safi hata kegi ikiwa na siku tatu tu. Ila nao una tabia zake. Mpira ukiwa mrefu mno hujikunja na boya likanyonya gesi, povu likatoka katikati ya kegi bila sababu inayoonekana. Ukiwa mfupi mno unaacha lita nzima chini. Na tope halikupotea, limeahirishwa: litakujia kwenye glasi mbili za mwisho.

Kwa bia ya ngano ya Kijerumani mambo ni kinyume. Hamira ndiyo inayobeba sehemu ya mwili wake na ule ukungu wake. Ikikaa wiki tatu wima kwenye friji inakuwa safi, na pamoja na usafi inapoteza nusu ya haiba. Ilaze kegi, ibingirishe polepole mara mbili tatu, iache dakika kumi, ndipo umimine.

Regulata na wiki mbili za mwanzo

Baada ya tope kupita, ladha inaendelea kusogea kwa siku kumi hadi kumi na nne. Hapa mhusika mkuu ni gesi, na seti inafanya kazi vizuri ukiwa mvumilivu. Bia iliyomaliza kuchacha kwenye nyuzi 20 ina karibu ujazo 0.85 wa gesi, yaani lita 0.85 za gesi kwa kila lita ya bia. Bia nyingi za rangi ya dhahabu hutaka 2.4 hadi 2.6. Kwenye nyuzi 3 weka regulata PSI 12 (paundi kwa inchi ya mraba, kipimo cha presha) na uache. Kwenye nyuzi 7 utahitaji PSI 15. Namba hizi ni za usawa wa bahari. Kwa kila mita 600 za kupanda ongeza PSI 1: Dar es Salaam na Mombasa hakuna cha kuongeza, ila Nairobi, ambako ni karibu mita 1,700, ongeza karibu 3, sawa na anayepikia bia Denver.

Anayeonja siku ya tatu hukuta bia bapa, yaani isiyo na gesi ya kutosha, tamu kuliko ilivyo, kimea kikiwa mbele na hopsi zimelala. Gesi ikiyeyuka kwenye bia inatengeneza asidi ya kaboni. Ndiyo inayokata utamu na kuinua harufu. Mtu ambaye hajui hilo ataongeza hopsi kwenye mapishi yajayo bila sababu.

Njia ya mkato ni PSI 30 kwa saa 24 hadi 36 kwenye baridi, kisha funga gesi, achia presha kwa valvu ya juu ya mfuniko, rudisha PSI 12. Wanaoitikisa kegi ikiwa na PSI 30 wanamaliza kwa dakika chache, na ndio hao hao wanaolalamika kwamba bia yao inachoma ulimi kama soda. Ukizidisha, toa kiunganishi cha gesi na achia presha mara mbili tatu kwa siku, siku mbili au tatu, ukionja kila mara. Bia itarudi, lakini kila unapoachia presha sehemu ya harufu ya hopsi inatoka nayo.

Kuna ladha za ujana ambazo regulata haina hatia nazo. Tufaha bichi ni asetaldehidi, yaani bia imetolewa juu ya hamira kabla haijamaliza kazi. Yai viza au kiberiti ni salfa, mgeni wa kawaida kwenye laga. Wiki tatu hadi sita za baridi huipunguza, na kuachia presha kidogo kila siku kunasaidia. Mkereketo wa kooni kwenye bia yenye hopsi nyingi ni vumbi la hopsi ambalo halijazama. Wiki moja hadi mbili zinatosha. Hizi zote hupungua na muda, na ndizo zinazofanya watu waseme kegi ilianza kunoga ilipokuwa inakwisha.

Siagi, au harufu ya bisi zenye samli, inastahili maneno zaidi kwa sababu inaweza kutokea baada ya kufungua kegi wakati mwanzo haikuwepo. Hamira huacha kiambata kisicho na harufu ambacho kikikutana na oksijeni au joto hugeuka diasetili. Kipime kabla ya kuweka bia kwenye kegi: chukua glasi mbili, zifunike, moja iweke kwenye maji ya nyuzi 60 hadi 70 kwa dakika 20, ipoze, halafu nusa zote mbili. Iliyopashwa ikinuka siagi, bia bado. Irudishe kwenye nyuzi 18 hadi 20 ikiwa bado juu ya hamira, siku mbili au tatu, upime tena. Ikishapozwa ndani ya kegi bila hamira hai, siagi haina dawa rahisi.

Regulata yenyewe ina geji moja ya maana. Ile ya upande wa bia ni ya kutegemewa. Ile ya upande wa mtungi inapotosha. Gesi ndani ya mtungi iko katika hali ya kimiminika, na maadamu limebaki tone, geji inasoma karibu bar 57 kwenye nyuzi 20. Ukiuweka mtungi ndani ya friji itashuka hadi karibu 38 na utadhani unavuja. Geji inapoanza kushuka kweli, umebakiza kidogo sana. Pima uzito: mtungi umegongwa herufi TW na uzito wake ukiwa mtupu. Kilo 2.27 zinatosha kegi sita hadi kumi kama hakuna panapovuja. Na kama mtungi umekaa kwenye chumba kidogo kisichopitisha hewa, kuvuja si suala la ladha tena. Gesi hii inaua.

Mpira na koki, ambako seti inaanguka

Hapa ndipo tunapoondoa alama. Mpira wa mita 1.5 unaokuja na seti ni mfupi mno kwa PSI 12. Bia inafika kwenye koki na kasi yote, inagonga glasi, gesi inatoka kwa mkupuo, na unapata robo tatu ya povu na robo ya bia bapa. Ladha nayo inabadilika: gesi iliyotoka kwenye povu haipo tena kwenye bia, na harufu imeondoka nayo. Mnunuzi hushusha regulata hadi PSI 5 ili imimine vizuri. Povu linatulia, kweli, lakini kuanzia siku hiyo bia inapoteza gesi polepole, na baada ya wiki mbili ni bapa kwenye nusu ya chini ya kegi. Halafu lawama zinaangukia mapishi.

Dawa ni mpira mrefu. Kwa tundu la milimita 5 na PSI 12, mita 3. Ukitumia ule mpya mgumu wa tabaka mbili wenye tundu la milimita 4, karibu mita 2 zinatosha, nao huzuia oksijeni kuliko ule laini wa plastiki. Anza mrefu, kufupisha kunawezekana, kurefusha hakuna. Kunja duara moja na ulilaze juu ya kegi, lisining'inie nje ya friji.

Povu la glasi ya kwanza tu ya kila jioni lina sababu nyingine. Hewa ya juu ndani ya friji ina joto kuliko ya chini, na bia iliyolala kwenye mpira imepashwa. Feni ndogo ya kompyuta ya volti 12 inayosukuma hewa ya chini kwenda juu inamaliza tatizo kwa gharama ndogo kuliko kifaa chochote kwenye orodha hii. Povu likija ghafla katikati ya kegi wakati presha na joto havijabadilika, shuku kipande cha hopsi kwenye kichwa cha bia. Toa kiunganishi, funga cha bia kwenye mpira wa gesi, pumulia gesi kwa kurudi nyuma sekunde mbili. Usichukue kiunganishi cha gesi, ambacho ni cha kijivu, ukakilazimisha kwenye kichwa cha bia. Kinaingia na kukataa kutoka.

Sasa usafi. Mpira wa mita 3 unabeba karibu mililita 60. Ukifunga kegi mpya kwenye mpira wa kegi iliyokwisha bila kuuosha, mililita hizo za kwanza ni za bia ya jana pamoja na kila kilichoota humo. Hamira pori, bakteria wa siki pale koki inapokutana na hewa, na bakteria wengine wanaotoa siagi ndani ya mpira. Ndiyo maana siagi ina majibu mawili. Ikiwa ipo kwa nguvu ile ile kwenye glasi zote, imetoka kwenye mapishi. Ikiwa ni kali kwenye nusu glasi ya kwanza baada ya usiku mzima, ikapungua kwenye ya pili, imetoka kwenye mpira. Uthibitisho ni rahisi: chukua koki ya plastiki na kipande cha mpira mpya, vifunge moja kwa moja kwenye kegi, mimina glasi, linganisha. Kipande hicho kifupi kitatoa povu jingi. Hapa tunaonja, hatuandai meza.

Mwongozo wa bia ya koki wa Brewers Association ya Marekani unataka mipira isafishwe kwa dawa ya alkali kila siku 14: dakika 15 ikizungushwa na pampu, au dakika 20 ikilowekwa bila kuzunguka, koki zikifunguliwa na kupigwa brashi, na kila miezi mitatu isafishwe kwa asidi kuondoa ukoko wa kalsiamu. Nyumbani fuata hivyo hivyo kati ya kegi na kegi: PBW (unga wa alkali wa kuoshea vifaa vya bia) au sodiamu perkaboneti kwenye maji ya vuguvugu, suuza mpaka utelezi uishe mkononi, kisha pitisha dawa ya kuua vijidudu. Star San ni mililita 30 kwa lita 19 za maji, dakika moja au mbili, bila kusuuza; povu lake halina madhara kwenye bia. Maji yako yakiwa na chumvi nyingi na mchanganyiko ukawa na ukungu, tumia maji yaliyoondolewa madini. Dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe iache kwenye nguo. Inatoboa chuma cha pua vitundu vidogo, na mabaki yake yakikutana na fenoli za bia yanatoa harufu ya plasta na hospitali ambayo hata kwa kiasi kidogo sana pua inaikamata. Mpira uliobeba soda ya tangawizi au bia ya matunda hausafishiki, utupe.

Koki ya plastiki ya seti ni bora kuliko sura yake. Inafunguka yote, inaoshwa kwa dakika moja, na hubadilishwa bila uchungu. Ukitaka ya chuma ya kuweka kwenye mlango wa friji, chagua inayozibia mbele, kama Perlick 630SS au Intertap. Zile za zamani zinazozibia nyuma huacha bia ndani ya shingo ikutane na hewa. Zinanata, zinaota ukungu, na glasi ya kwanza ya kila siku inakuja na siki kidogo.

Mfuniko na wiki za mwisho

Kuanzia wiki ya nne bia inasimulia jinsi ilivyowekwa kwenye kegi. Hewa iliyobaki chini ya mfuniko siku ile sasa imefanya kazi yake. Kwanza harufu ya hopsi inafifia, rangi inaongezeka, halafu inakuja ladha ya boksi lililoloa, na kwenye bia nzito asali na divai ya zamani. Bia ya hopsi yenye ukungu, mtindo wa New England, haingoji hata wiki nne; inageuka kijivu ndani ya siku chache ikiwa imemiminwa wazi wazi. Stauti hustahimili zaidi.

Kusukuma hewa kwa gesi kunasaidia kwa hesabu. PSI 30 kwenye geji ni takriban mara tatu ya presha ya hewa ya kawaida, kwa hiyo kila unapojaza na kuachia, inabaki theluthi moja ya oksijeni iliyokuwepo. Mara tano zinaacha sehemu 1 kati ya 243. Lakini hiyo ni kwa nafasi ndogo juu ya bia. Kegi tupu ijaze dawa ya kuua vijidudu hadi mdomoni, ifunge, isukume dawa yote itoke kwa gesi, ndipo bia iingie kupitia kichwa cha bia bila kufungua mfuniko. Acha sentimita 3 au 4 chini ya mrija mfupi wa gesi, la sivyo bia itapanda kwenye mpira wa gesi hadi ndani ya regulata.

Mfuniko wa kegi hizi hauzibi kwa presha ndogo. Upe PSI 30 mara moja ili ukae, paka maji ya sabuni pembeni na kwenye vichwa, tazama mapovu. Kegi ya zamani iliyobonyea mdomo ipe oringi pana na laini zaidi. Hili ni dosari ya kweli ya muundo, nasi hatuoni mwuzaji anayelisema.

Tununue?

Kegi na mtungi, ndiyo, hata vya mkono wa pili mradi mtungi una muhuri wa ukaguzi ambao haujapitwa. Regulata, ndiyo, yenye valvu ya njia moja kwenye mdomo wa kutokea. Mpira wa seti, hapana. Ongeza ule mrefu kwenye oda hiyo hiyo. Mrija unaoelea unafaa kwa anayefungua kegi mapema na asiyeisafirisha.

Kegi ikianza kukoroma na kutema, funga gesi kwanza, maana mtungi utamalizikia hewani kupitia koki iliyosahauliwa. Usiifungue siku hiyo kama huna muda wa kuosha. Ikiwa na presha na baridi, haitaota kitu. Siku ya kuosha, achia presha yote kwa valvu, fungua mfuniko, na kabla ya kumwaga maji tumbukiza rula hadi kitakoni. Mashapo yakiwa chini ya nusu sentimita, mrija uache ulivyo. Yakifika sentimita moja kegi hata kegi, hapo ndipo kikatio cha bomba kinapopata kazi, na tupa ya kulainisha ncha baada yake.